Mnyama, Kaka Mtu na Watu Saba Kochini

Wale wa siku nyingi mnaujua utaratibu wa ukurasa huu: Jumamosi moja ya mwezi, filamu moja, watu wanaopatikana sebuleni kwangu, na kila mmoja anasema lake bila kuulizwa. Kazi yangu mimi ni kukaanga bisi na kuandika. Mwezi huu ilikuwa zamu ya mzee wa nyumba kuchagua, na mimi nikajua mapema kwamba tutapigiwa ngumi.

Akatoa DVD yake ya tangu enzi za chuo, ile ambayo hairuhusiwi kuguswa na mtoto wala mgeni: Le Pacte des loups, filamu ya Kifaransa ya mwaka 2001. Ukiisikia kwa Kiingereza inaitwa Brotherhood of the Wolf. Tulikuwa saba. Mimi na mzee, shemeji yangu mdogo ambaye anaishi kwa filamu na mishikaki, wifi yangu fundi wa nguo, Mwalimu wa ghorofa ya chini (mama mstaafu aliyefundisha historia miaka mingi, sote tunamwamkia kabla hajakaa), halafu rafiki yangu wa chuo na mchumba wake. Hawa wawili wako kwenye vikao vya harusi, kwa hiyo walifika wamechoka na wananuka hesabu za michango.

Ugomvi wa kwanza ulikuja kabla hata filamu haijaanza. Mzee alitaka sauti za Kiingereza. Mimi nikakataa: Vincent Cassel akiongea kwa sauti ya mtu mwingine si Vincent Cassel tena. Shemeji akasema kama ni hivyo bora tungempata mtafsiri kama wale wa vibanda umiza, anayemwambia kila mtu nani mbaya na nani starling, akikohoa katikati. Tukapiga kura, Kifaransa na maandishi ya chini kikashinda kwa nne kwa tatu. Mwalimu akavaa miwani.

Kwa wale ambao hamjaiona, hadithi yenyewe iko hivi. (Nitasema mambo ya mwisho pia, kwa hiyo kama unataka kuitazama ukiwa hujui kitu, funga gazeti, urudi kesho.) Tuko Ufaransa, katikati ya miaka ya 1760, enzi za Mfalme Louis wa 15. Kuna jimbo la milimani linaitwa Gévaudan, na huko kuna mnyama anaua watu. Mfalme anamtuma Grégoire de Fronsac, msomi wa viumbe na fundi wa kukausha wanyama, aende akachunguze. Anakuja na rafiki yake Mani, mtu wa kabila la Iroquois aliyekutana naye vitani huko Amerika Kaskazini. Wanaingia kwenye mvua kubwa, juu ya farasi, makoti marefu, kofia za pembe tatu, nyuso zimefunikwa nusu. Wanamkuta mzee na binti yake wanapigwa na kundi la watu. Mani anashuka kwenye farasi taratibu, anachukua fimbo yake, na hapo ndipo shemeji alipomwaga juisi ya ukwaju kwenye zulia langu.

Sasa hapo ndipo watazamaji wa filamu hii hugawanyika, na sebule yangu nayo ikagawanyika. Mchumba mtu, ambaye ni mhasibu na anapenda vitu vikae kwenye mstari wake, akauliza: jamani, kung-fu imefikaje Ufaransa mwaka 1765? Nani kamfundisha huyu? Shemeji akamjibu kwamba ukitaka hesabu baki ofisini. Kwa kweli wote wawili wana haki yao. Muongozaji, Christophe Gans, ni mtu aliyekua akipenda filamu za Hong Kong kama shemeji anavyozipenda, ila yeye alipewa hela. Mapigano alimpa Philip Kwok ayapange, mtu wa filamu zile za zamani za ngumi ambazo baba zetu walizitazama kwenye majumba ya sinema. Uhariri akampa David Wu, aliyewahi kufanya kazi na John Woo. Mark Dacascos anayecheza Mani alishaigiza naye Crying Freeman mwaka 1995. Yaani Gans hakuteleza, alikusudia. Alichukua tamthilia ya mabwana wenye nywele za bandia, akatia hofu ya msituni, akatia ngumi, akatia mapenzi, na kidogo cha siasa, kisha akakoroga.

Mimi? Nusu saa ya kwanza nilikuwa upande wa mhasibu. Baadaye nikaacha kuuliza. Pilau ikiwa tamu huulizi jira imetoka wapi.

Wifi yeye hakuwa na habari na ngumi wala mnyama. Kila dakika kumi: "Rudisha nyuma, nione ule mshono." Mzee akawa anasaga meno, lakini akarudisha. Na wifi hakukosea, maana Dominique Borg aliyebuni mavazi yale alipata tuzo ya César mwaka 2002 kwa kazi hiyo hiyo. Koti la Fronsac, mabega ya ngozi ya Mani, gauni jekundu lile... wifi ameshachora koti moja kwenye kijitabu chake na anadai kuna bwana harusi mmoja wa Desemba atalivaa atake asitake. Kuhusu upigaji picha, Dan Laustsen alitengeneza ukungu, theluji na mwanga wa mishumaa hadi hata vitu vya kutisha vinapendeza. Yule dada Monica Bellucci anacheza Sylvia, mwanamke wa danguro mwenye siri kubwa kuliko danguro lenyewe, na kuna mahali mwili wake unageuka taratibu kuwa milima yenye theluji. Wanaume wote watatu walikaa kimya kwa heshima kubwa. Mimi nikamuuliza mzee kama anahitaji maji. Wakati ule Bellucci na Cassel walikuwa mume na mke. Walioana 1999 na wakaachana 2013, kwa hiyo mzee asijipe matumaini ya kuchelewa.

Mwalimu ndiye aliyetushangaza. Tulipokuwa tunabishana kama mnyama ni mbwa mwitu au ni simba, akasimamisha filamu mwenyewe (rimoti alikuwa nayo yeye, hatujui aliichukua saa ngapi) akasema: "Hilo la kuuawa watu ni kweli, msidhani wametunga." Na ni kweli, wapendwa. Kati ya 1764 na 1767 huko Gévaudan, eneo ambalo leo ni Lozère na sehemu ya Haute-Loire, watu wapatao 100 waliuawa, wengi wakiwa wanawake na watoto waliochunga mifugo. Wa kwanza kuandikwa alikuwa binti wa miaka 14, Jeanne Boulet. Mfalme alituma wawindaji, wakashindwa, akatuma wengine. Septemba 1765 mtu wake François Antoine akaua mbwa mwitu mkubwa, wakamkausha, wakampeleka Versailles, sherehe, kesi imefungwa. Desemba vifo vikaanza tena. Ikulu ikanyamaza, kwa sababu ikulu ilishasema mnyama amekufa. Hadi Juni 1767 mwindaji wa huko huko, Jean Chastel, alipoua mnyama mwingine na vifo vikakoma.

Filamu imeuchukua uongo ule wa Versailles vizuri sana, kuliko hata ngumi. Mwanzoni Fronsac anawaonyesha wakubwa mezani samaki mwenye manyoya, wote wanashangaa, halafu anawaambia ni wa bandia, ameutengeneza yeye. Anawacheka. Baadaye mtu wa mfalme anamlazimisha kwa ufundi ule ule atengeneze mnyama wa uongo kutokana na mbwa mwitu wa kawaida, ili Paris ilale usingizi. Na anatengeneza. Shujaa wetu! Mwalimu akatingisha kichwa. "Hapo ndipo filamu ilipo," akasema, kisha akabonyeza, ikaendelea.

Na siri inapofichuka, kumbe nyuma ya mnyama kuna watu: kundi la siri la mapadri na mabwana wakubwa, wanaotaka wanakijiji waogope ili warudi kwenye utii, na mfalme aonekane hafai. Mnyama mwenyewe ametoka Afrika, amevishwa chuma na miiba, akafundishwa kuua. Hapo mchumba mtu akacheka: kila kibaya kimetoka kwetu! Mwalimu hakucheka. Yeye ni wa Singida. Akasema kwao miaka ya 1940, alipokuwa bado hajazaliwa, watu walikuwa wanauawa na simba, na wazee wake walijua kwamba wengine hawakuwa simba. Walikuwa ni watu waliovishwa ngozi na kutumwa na watu. Mbojo, ndivyo walivyoitwa. Watu walikamatwa wakashitakiwa, serikali ya Mwingereza ikahangaika. "Mama yangu alikuwa akiniambia, ukisikia simba usiku usiulize yuko wapi, uliza ni wa nani."

Sebule ikapoa. Shemeji akaongeza taa moja.

Sasa lawama. Shemeji, pamoja na mapenzi yake yote, alisema mnyama akionekana wazi anaharibu. Aliyemtengeneza ni karakana ya Jim Henson, wale wale wa Muppet, na mahali pengine wakasaidiwa na kompyuta ya wakati ule. Akiwa gizani, pumzi tu na majani yanayotikisika, unakunja miguu kochini. Akitokea mwanga, unaona mwaka 2001. Mimi lawama yangu ni Mani. Ndiye mtu anayevutia kuliko wote, anapigana kuliko wote, anaijua misitu, anaongea maneno machache kuliko farasi, halafu anauawa ili rafiki yake mzungu apate hasira ya kulipiza kisasi na kujipaka rangi usoni. Mzee akajitetea kwa niaba ya Ufaransa nzima: lakini Fronsac anampenda kama ndugu! Sawa, anampenda. Angempenda akiwa hai hadi mwisho. Halafu ni ndefu, karibu saa mbili na nusu. Kuna sehemu katikati ambapo niliosha sufuria zote na niliporudi walikuwa bado wanawinda.

Nimefika mahali ambapo nimezunguka kuandika kwa wiki tatu.

Cassel anacheza Jean-François de Morangias, mtoto wa bwana mkubwa, mwenye mkono mmoja, aliyerudi Afrika na majeraha. Ana dada yake, Marianne, ambaye Fronsac anampenda. Tangu mwanzo kaka anamlinda dada. Anamwangalia mezani, anajua nani kacheza naye, nani kampa ua. Sisi wote tulisema, kaka mkali, kama kaka zetu. Mzee alisema hata yeye angemhoji Fronsac. Kumbe huyo ndiye mwenye mnyama. Na mkono anao, ameufunga na kuuficha siku zote. Kuna tukio moja anamwendea dada yake chumbani, anaufungua ule mkono, na anamfanyia dada yake jambo ambalo sitaliandika hapa.

Rafiki yangu akainuka. Akasema anaenda kuongeza barafu.

Barafu ilikuwa mezani. Nikasubiri kidogo, nikamfuata. Nikamkuta jikoni anaosha glasi ambazo nilishaziosha, maji yanatiririka mpaka mwisho. Sebuleni tunawasikia wanabishana juu ya ule upanga wa Cassel unaokunjuka kama mjeledi, mchumba wake akiwa na sauti kubwa kuliko wote, akiuliza upanga kama ule unaweza kweli kuwepo. Rafiki yangu akasema bila kugeuka: "Nyie mnauliza mnyama ni nini. Mimi nilimjua tangu kile chakula cha kwanza."

Nisimalize maneno yake yote. Ameniruhusu kuandika na amesoma haya kabla hayajaenda kuchapwa, na sehemu mbili amezifuta, kwa hiyo hazipo. Alikuwa darasa la sita. Mtoto wa baba mkubwa aliletwa kukaa nao asome, na kwetu mtoto wa baba mkubwa ni kaka, hakuna neno la pili. Alikuwa kaka mlinzi. Akimsindikiza shule, akimchukua tuisheni, hakuna mvulana aliyethubutu kusimama naye getini. Mama alimsifu mbele ya wageni. "Walikuwa wananiambia nina bahati." Ilikwisha kaka alipopata chuo mkoa mwingine. Hakumwambia mtu. Miaka ikapita, akasoma, akapata kazi, akapata mchumba, na sasa kuna kamati mbili zinakaa. Mwenyekiti wa kamati ya sendofu ni nani? Kaka. Ndiye atakayemshika mkono kuingia naye ukumbini, ndiye atakayetoa nasaha kwa niaba ya familia. Kadi ya mchango ina namba yake ya simu.

Nikamuuliza mwenzake anajua? Akanyooshea kidole sebuleni, pale sauti ya bwana harusi mtarajiwa ilipokuwa bado inapima upanga. "Yule? Yule kesho anaenda kumpelekea hela ya ukumbi."

Nilikuwa na mambo mengi ya kusema, kama mjuavyo mimi sikosi maneno. Nikafunga bomba. Tukakaa kwenye vile viti vya plastiki hadi filamu ikaisha upande wa pili wa ukuta. Mwisho wake tuliusikia tu, farasi, mabomu, muziki, halafu bahari.

Alimwambia usiku ule ule, ndani ya gari, wamepaki nje ya geti la kwao na taa zimezimwa. Aliniambia kwamba alinyamaza muda mrefu, hadi akadhani ameshaachwa. Halafu akamuuliza swali moja: "Nani mwingine anajua?" Akajibu, "Shoga yangu, tangu saa tatu." Alitaka kwenda huko huko usiku, akakatazwa. Yeye rafiki yangu hataki mtu apigwe. Anataka mtu huyo asimshike mkono ukumbini, basi, hilo moja. Amemwambia mama yake. Mama alilia, kisha akasema tusubiri sendofu ipite kwanza, ukumbi umeshalipiwa, baba mkubwa ana presha. Mimi ningependa kuwaambia kwamba yameisha vizuri. Hadi naandika haya kadi mpya hazijachapwa na zile za zamani ziko kwenye boksi chini ya kitanda changu, kwa sababu kwao hawezi kuziweka.

Turudi kwenye filamu. Kura zetu zilikuwa hivi. Shemeji nyota tano kati ya tano, akasema angetoa sita. Wifi nne, zote za nguo. Mchumba mtu alikuwa ameandika tatu kabla ya kujua lolote, na sijamuuliza tena. Mwalimu nne, akakata moja kwa sababu wamemfanya Chastel mtu mdogo wakati ndiye aliyemaliza kazi. Mzee tano bila kufikiri. Mimi tatu na nusu: inapendeza kuliko filamu nyingi za bei kubwa, zaidi ya watu milioni 5 waliingia sinema Ufaransa kuitazama na sishangai, lakini Mani ananiuma. Kuna nakala iliyosafishwa upya mwaka 2022, ukiipata hiyo giza lake linaonekana vizuri kuliko DVD ya mzee yenye mikwaruzo.

Tulibishana pia kuhusu mwisho, mimi nikiwa nimeusikia tu. Fronsac na Marianne wako melini, majivu ya Mani yanatupwa baharini, upepo, matanga. Mzee anasema wamepona na wameondoka, macho yake yameona. Mwalimu akamkumbusha kwamba hadithi yote inasimuliwa na Thomas d'Apcher akiwa mzee, wakati wa Mapinduzi, watu wenye mienge wako mlangoni wanamsubiri. Yeye hakuwa melini. Anaweza kuwa anawatakia tu. Wakabishana hadi saa sita, hakuna aliyeshinda.

Émilie Dequenne aliyemcheza Marianne alikuwa na miaka 19 filamu hii ilipotoka, na tayari alishapata tuzo ya muigizaji bora wa kike Cannes mwaka 1999 kwa Rosetta. Alifariki Machi 2025, akiwa na miaka 43, kwa saratani. Nilipomtazama tena peke yangu, Jumapili, nikijaza kipande nilichokikosa, niliona jinsi anavyomwangalia kaka yake tangu tukio la chakula. Iko pale. Sisi tulikuwa tunatazama glasi na mawigi.

Jumatano iliyofuata rafiki yangu akaja kuniazima DVD. Mzee alitetemeka lakini akatoa. Siku nne baadaye ukaingia ujumbe kwenye simu yangu, saa saba usiku: "Tumeimalizia wote wawili. Yuko melini. Niandikie nyota tatu, mnyama amenichekesha."

Nimeziandika. DVD haijarudi, na mzee ameanza kuulizia.